Ushuhuda ya yaya Faustin

Nilitosha pagne ya zamani ya mama, kitenge yake, mu malle ya nguo na kuifunga ku dirisha ya chumba ya Grâce, juu mwangaza ilikuwa inamuumiza macho. Ile harufu ya naftalini ilijaa mu chumba yote. Nilibakia nimesimama pale, mikono juu, misumari mbili mu kinywa, na sikuweza tena kupiga nyundo.

"Mama, unalia?" Grâce aliniuliza ku kitanda.

"Ni naftalini. Lala."

Grâce njo kitinda mimba yangu, iko na myaka kumi na sita. Anacheza rugby ku masomo, ile ya bantu kumi na tatu, juu siku hizi banabinti nabo banacheza. Siku ya ine ya juma aligongana kichwa na mwenzake. Aliamuka yeye peke, asema iko bien. Lakini entraîneur wao, mwenye anabafundisha mchezo, kijana wa hapa hapa Panda, alimutosha mu kiwanja palepale, na alimuleta ye mwenyewe mpaka ku nyumba. "Mama, aliniuliza mara tatu kama ni mi-temps, kipindi ya kwanza ao ya pili. Ni commotion. Bongo ilitikisika mu kichwa. Haionekane inje, lakini iko." Alinipatia karatasi. Kwanza kupumuzika. Kisha kutembea. Kisha kukimbia, na vile vile mpaka ku mwisho, na kichwa ikiuma, unarudia nyuma.

Minye kusoma nilijua vizuri ku masomo ya mangaribi, nikiwa mama mukubwa. Nasoma polepole. Lakini ile karatasi, mbele nifike katikati nilishajua yenye ilibakia. Niliisikiaka tayari nikiwa na myaka tisa, hapa hapa ku nyumba hii, ku ngazi ya mbele ya mulango.

Nyumba ni ile ile. Ni nyumba ya bafanyakazi ba usine, kiwanda ya shaba, imejengwa ku mutelemuko, na kutoka ku barabara kufika ku mulango kuko ngazi tano za simenti. Baba alikuwa anafanya ku four, ile tanuru ya kuyeyusha shaba. Mama alikuwa anauzisha ndakala, samaki kadogo kakavu, ku soko. Batoto tulibakia babili: minye mwisho, na yaya Faustin, mukubwa wangu, myaka kumi na saba, alikuwa anasoma ajustage, ile kazi ya kulinganisha chuma na lime, tupa ya fundi.

Mwalimu wake wa ajustage alikuwa Mufaransa mumoja, monsieur Lucien. Alitokea upande wa kusini ya inchi yake, kwenye, asema, rugby ya bantu kumi na tatu inapendwa kupita chakula. Mu sanduku yake alileta mupira moja mulefu, ya kuchongoka pande mbili. Bantu ba quartier, mutaa yetu yote, baliiita mupira ya yai. Siku yenye Baba aliiona mara ya kwanza mu mikono ya Faustin, aliigeuza-geuza, aliinusa.

"Yai bila kuku," asema. "Na muzungu njo aliitaga."

Kila siku ya posho, ni kusema samedi, Faustin akitoka na ile mupira, Baba alikuwa anamulalamikia nyuma: "Ikipasuka, usituletee omelette hapa!"

Ile siku yenyewe ilikuwa wakati ya kipwa, mvua hakuna, baridi na vumbi, udongo ya kiwanja nguvu sawa tofali. Balikuwa banacheza na bijana ba Kamatanda. Yaya Faustin alimukamata kijana mumoja ku miguu kumuangusha, na goti ya ule kijana ilimupiga hapa, pembeni ya jicho. Alilala kidogo. Aliamuka, alipangusa vumbi, na alienda kusimama mu mustari ya bantu ba Kamatanda.

Kiwanja yote ilicheka. Kijana mumoja wa Kamatanda alimukamata mabega na kumugeuza: "Petit, kwenu njo kule!" Minye njo nilicheka kupita bote. Mutajua, yaya alikuwa muntu wa michezo ya kuchekesha, aliwezaka kukohoa sawa padri na mama anaamuka kusema Amina. Nilifikiri anatuchekesha.

Tukiwa mu njia ya kurudia, aliniuliza: "Mado, tulishinda?"

"Tulishindwa, yaya."

Tulipita ku bomba ya mayi. "Mado, tulishinda?"

Niliona ni mchezo. Nilijibu: "Tulishinda kumi na sifuri!"

Mbele ya kufika ku ngazi zetu, tena: "Mado, tulishinda?"

"Yaya, match ni kesho!"

"Ah bon," asema. Alikubali kabisa. Na minye nilifurahi, juu hakuna siku yaya alinichezeshaka murefu vile.

Ku nyumba alitapika bukari yote, ile ugali ya muchana. Mama alishika paji ya uso yake, asema ni malaria. Faustin aliomba bafunge dirisha, na dirisha yetu haikukuwa na pazia, njo vile mama alitosha pagne yake ya sikukuu mu malle na kuipigilia pale. Jua ilikuwa haijaenda bado wakati monsieur Lucien alifika na moto yake, ile pikipiki. Alimupitishia Faustin kidole mbele ya macho. Alimuuliza ni siku gani. Faustin alitaja siku yenye ilipita juzi. Basi monsieur alitoka na Baba na mama ku ngazi, na minye nyuma yao.

Swahili yake ilikuwa ya kuvunjika, sawa muntu anayeongea na karanga mu kinywa. Aliokota jiwe ku kandokando ya barabara, jiwe ya kujaa mikono mbili, na aliitia ku ngazi ya chini.

"Hapa, lala. Masomo hapana. Lime hapana. Kelele hapana." Alionyesha ya pili: "Hapa, tembea." Ya tatu: "Kimbia, ye peke." Ya ine: "Mupira, lakini bila kugongana na muntu." Ya tano, mbele ya mulango: "Hapa, cheza. Wiki tatu, ao kupita. Kila mara minye nakuya, minye napandisha jiwe. Kichwa ikiuma, jiwe inashuka."

Baba alijikuna shingo. "Monsieur, kijana anatembea, anaongea. Anaumwa wapi?"

"Baba Faustin, ku usine, mashine ikitoa moshi kidogo, munaiacha inafanya kazi?"

"Hapana. Tunaizima."

"Voilà."

Baba aliinama, alisogeza jiwe vizuri katikati ya ngazi.

Minye nilijiweka mulinzi wa jiwe. Nilifukuza mbuzi, nilifukuza batoto ba jirani. Faustin alikuwa mu giza nyuma ya pagne. Radio ikiwaka, alikunja uso. Alivaa shati kinyume, na akiambiwa, alikasirika, ye mwenye hakukasirikaka. Mangaribi moja courant ilikatika kule Koni, kwenye mutambo ya umeme iko, quartier yote ilipiga makelele ya hasira, na njo mara ya kwanza nilimusikia anacheka: "Koni, aksanti sana!"

Jiwe ilipanda ku ngazi ya pili. Faustin alitembea mpaka ku bomba na kurudia, alikamata kichwa, na monsieur alishusha jiwe. Kisha siku tatu aliipandisha tena ku ya pili. Mama hakupenda ile mambo ya kushuka. Majirani balikuwa banapita na kumuchokoza: "Mama Faustin, mutoto wenu leo iko étage gani, ya kwanza ao ya pili?" Mama alicheka nabo. Bakishapita, aliacha kucheka.

Mama alikuwa mu kikundi ya maombi ku parokia. Siku ya tatu ya juma, kisha saa sita, ba mama balikuya ku nyumba. Mukubwa wao alikuwa mama Régine, mwanamuke munene wa sauti muzuri, mwenye akianza wimbo hata kuku banasimama. Balimutia yaya mikono ku kichwa. Baliomba murefu. Yaya alilia, na kisha asema: "Ninasikia mwepesi." Na ilikuwa kweli. Alilala usingizi muzuri, bila kugeuka-geuka. Mpaka leo ninaamini Mungu alipita mu ile chumba.

Lakini munajua desturi yetu. Bakikuombea na ukisikia mwepesi, siku ya Mungu, dimanche, unasimama mbele ya kanisa na matoleo mu mikono, unatoa ushuhuda. Na ukishatoa ushuhuda, maneno imeisha. Hakuna tena mwenye anasema "bado inauma kidogo." Ukisema vile, ni kumurudishia Mungu zawadi yake mbele ya bantu. Mama alitayarisha kuku wetu, ule mumoja mwenye alikuwa anataga.

Baba aliona kuku anafungwa miguu. "Ehe, sasa kuku alipatikana. Yai itapona."

Siku ya Mungu, yaya alivaa shati nyeupe. "Kichwa ilikuwa inaniuma, Mungu aliniponesha," asema, na kanisa ilipasuka, ngoma na bigelegele. Mama Régine asema: "Ruka, mutoto wangu, tuone!" Yaya aliruka. Mara moja, mara mbili. Minye nilikuwa ku benchi ya batoto, mbele kabisa, na mara ya tatu nilimuona anafunga macho, na mukono yake inatafuta kitu ya kujishika, inatafuta, mpaka ilikamata kikapo ya kuku. Kuku alipiga makelele. Bantu balicheka na kushangilia tena.

Nilimukuta nyuma ya kanisa, amechuchumaa, kichwa katikati ya magoti.

"Yaya, inauma?"

"Kidogo sana. Mado, usimuambie muntu. Mama alishatoa kuku."

Niliitika. Lakini minye haikukuwa juu ya kuku. Ku katekisimu balitufundisha vile Petro alitembea juu ya mayi, na alizama wakati aliogopa. Minye nilifahamu hivi: yaya iko juu ya mayi. Muntu wa kwanza mwenye atasema "inauma," ni yeye atamuzamisha.

Wakati bantu balikuwa banakula mu nyumba, nilitoka ku ngazi. Jiwe ilikuwa ku ya pili. Niliikamata na mikono mbili na kuipandisha, ya tatu, ya ine, mpaka ya tano mbele ya mulango. Nilirudia chini kupangusa mahali yenye iliacha alama. Niliona ninamusaidia Mungu.

Kesho yake monsieur Lucien alikuya. Aliona jiwe. "Nani alipandisha?"

Mama alijibu ku mulango, na furaha ya kweli: "Ni Mungu, monsieur."

Monsieur alitosha kofia yake ya pikipiki. Alimuuliza Faustin. "Bien, monsieur. Bien kabisa." Alimusimamisha na muguu moja, macho ya kufunga. Yaya aliyumba, asema ni patapata zake ku miguu zinateleza. Basi monsieur alichuchumaa mbele yangu. Alikuwa ananuka tumbako na mafuta ya mashine.

"Weye unaikala naye siku muzima. Kichwa inamuuma?"

Nilimuangalia mama. Nilimuangalia yaya. Yaya alikuwa anaangalia jiwe.

"Hapana, monsieur. Alipona."

Aliniangalia murefu. Mama amesema, kijana amesema, na sasa katoto kenye hakamuachake kamesema. Ilikuwa karibu na wiki tatu. "Bon," asema. "Siku ya posho. Mi-temps ya pili tu."

Siku ya posho yaya aliingia mi-temps ya pili. Haikukuwa hata pigo ya nguvu. Alianguka na mupira, bega ya mwenzake wa timu moja iligusa kichwa yake, pigo yenye mutoto angeamuka na kucheka. Yaya aliamuka. Alitembea hatua mbili. Kisha alianguka sawa nguo yenye imekatika ku kamba, bila kutia mikono mbele. Na minye nilingojea. Nilingojea aamuke aende upande ya adui, tucheke.

Alilala siku ine ku hopitali bila kufungua macho. Mama Régine aliikala chini, ku koridori, zile siku ine, na hakutafuta mukosaji, wala hakusema neno juu ya imani ya muntu. Alikuwa anashika miguu ya mama tu. Monsieur Lucien alisimama ku mulango, kofia mu mikono. Aliponiona hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Siku ya tano yaya aliamuka. Maneno yake ilikuwa inatoka moja moja, sawa mayi ya bomba wakati presha haiko. Mukono ya kushoto ilikuwa inachelewa nyuma ya mwili. Hakurudia tena ku lime. Na juu alihitaji muntu wa kuikala naye, minye niliacha masomo. Silalamiki. Tuliikala babili, nilimufundisha kufunga vifungo, alinifundisha kuhesabu. Mama alikufa amemuombea kila siku. Mara moja tu, tukiwa tunachambua maharagi, alisema bila minye kumuuliza: "Mungu hakuchelewa, Mado. Siye njo tulikuwa na haraka." Hakujua nani alipandisha jiwe. Sikumuambia.

Myaka ilipita, niliolewa, nilizaa, na njo niliingia masomo ya mangaribi ku parokia. Mangaribi moja nilipewa kusoma mbele ya ba mama benzangu ile habari ya kipofu mwenye Yesu alimutia mikono mara mbili. Nilikuwa nafwata na kidole. Kisha mara ya kwanza Yesu anamuuliza kama anaona. Na ule muntu anajibu vile iko: anaona bantu, lakini banafanana na miti yenye inatembea. Hakusema "nimepona" juu ya kumufurahisha Bwana. Na hakuna mwenye alimugombeza. Mikono ilirudia tena ku macho yake, na njo aliona bien.

"Mama Mado, endelea," mwalimu asema. Sikuweza kuendelea. Ba mama bengine balifikiri nimekwama ku neno ngumu.

Basi, Grâce. Kesho ya kugongana, kikundi yetu ya maombi ilikuya, juu minye nami niko mu kikundi, na mahali yangu ni pale mama alikuwaka. Tuliomba. Nilipiga magoti na moyo wangu wote. Kisha mama Odette, mwenye anatuongoza sasa, aliuliza: "Siku ya Mungu atatoa ushuhuda?"

"Atatoa, siku yenye atafika ku ngazi ya mwisho."

"Mama Mado! Imani inapunguka?"

"Imani iko yote. Haraka njo niliitosha."

Mama Odette alifunga kitambaa yake vizuri, asema: "Basi tutakuya tena siku ya tatu ya juma, tuombe tena." Nilisikia nataka kumukumbatia.

Yaya Faustin anaikalaka mu kachumba ya nyuma ya nyumba. Siku ya Mungu, kisha misa, alikuya kuikala ku ngazi na kofia yake ya majani, juu jua bado inamusumbua. Nilimusomea karatasi ya entraîneur, yote. Alisikiliza. Kisha aliamuka, polepole, alishuka mpaka ku barabara, na alirudia na jiwe, imeshikwa na mukono ya kuume na kuegemea ku tumbo. Aliitia ku ngazi ya chini.

Njo vile nilisema. Myaka yote ile, na ilitoka tu vile. "Yaya, ile jiwe ya zamani. Haikukuwa Mungu. Ni minye niliipandisha."

Maneno yake inachelewaka. Nilingojea.

"Nilikuona," asema. "Nyuma ya pagne. Unaibeba... na mikono mbili."

"Na haukusema?"

"Nilikuwa nataka kucheza, Mado." Alicheka, ile kicheko yake ya upande moja. "Na weye ulikuwa na nguvu! Kadogo vile, na jiwe nzito vile."

Nilimushika mukono ya kushoto, tuliikala.

Wiki ilipita, jiwe ilifika ku ya pili. Banabinti batatu ba timu balikuya kumutafuta Grâce, balisimama ku barabara na mupira. "Grâce, unazeeka, unakuwa nkambo ao?" "Grâce, posho tunacheza na ba Lubumbashi, unaogopa kuchafua nywele?" Grâce alicheka nabo, alitembea mpaka ku bomba na kurudia. Nilimuona anarudia. Aliangalia benzake. Aliangalia jiwe, kisha minye.

"Mama," asema, sauti chini. "Inauma."

"Oh, Grâce, kidogo tu!" mumoja alipiga kelele.

"Kidogo," asema. "Lakini inauma."

Nilishuka. Niliinama, nilikamata jiwe na mikono mbili, na niliishusha. Yaya Faustin, ameikala pale ku ngazi ya chini, alisogeza muguu yake, jiwe ipate mahali.